Ng'ombe Aliyetoka na Kamba Yake

Mnacheka nini? Nimeketi vizuri, nimekohoa vizuri, nimefungua kinywa nianze kisa, nanyi mnajiziba midomo kwa viganja. Kofia imekaa upande? Haijakaa upande. Ndevu zina uji? Nimekwisha zipapasa, hazina uji. Basi ni nini, Mwanahawa, wewe usiyejua kuficha?

"Babu, miguuni."

Miguuni kuna nini? Kuna kobazi. Mtu mzima akitoka msikitini huvaa kobazi, mlitaka nivae vikapu?

"Moja nyeusi, Babu. Moja ya kahawia."

Ah.

"Na zote za kushoto."

Basi, basi, nimeziona. Kumbe ndiyo maana njia nzima kila niliyempita alinisalimu kwa uchangamfu, nami nikasema moyoni, leo nimependeza. Hii nyeusi ni yangu. Hii ya kahawia ni ya Mzee Chande, na huko aliko maskini anatembea na za kulia mbili, anazunguka tu kama kuku aliyepigwa jua. Miguu hii, wajukuu zangu, imefika Kigoma, imefika Lamu, imevuka maji hadi Komoro, na mpaka leo haijajua kushoto ni wapi. Chekeni, chekeni yaishe. Kisha shikeni mahindi yenu mpukuchue. Mikono ina kazi yake na masikio yana kazi yake.

Niwafungulie?

"Tufungulie!"

Nikifungua mtaingia?

"Tutaingia!"

Basi ingieni, na wa mwisho asiache mlango wazi. Ilikuwa zamani, zamani ile ambayo jana ilikuwa bado haijazaliwa, milima inagombania nani awe mrefu na ukungu unalala mabondeni mpaka ushibe usingizi. Katika nchi hiyo ya milima walikuwako kaka na dada, tumbo moja, ziwa moja. Kaka aliitwa Senkoro. Dada, mdogo wake, aliitwa Nakunda.

Walipokuwa wadogo kama nyinyi, mama yao alikuwa akiwapa kiazi kikuu kimoja. Senkoro hukivunja. Akikivunja, kipande kikubwa humpa Nakunda, kidogo hula yeye, kisha anamwambia, "Kula upesi kabla sijabadili mawazo." Wakakua hivyo, wakicheka hivyo. Mama yao akafa akiwa hana wasiwasi nao.

Senkoro akaoa, akajenga chini bondeni penye majani, akawa na ng'ombe. Nakunda akaolewa, akakaa juu mlimani penye mawe, akawa na mbuzi, na mbuzi wenyewe wa kuhesabu mbavu. Katikati yao palikuwa na njia moja ya kupanda na kushuka, na njia hiyo haikuota nyasi. Nani aliizuia isiote nyasi?

"Miguu yao!"

Miguu yao. Na kila mmoja alikuwa na ya kushoto na ya kulia, msinitazame.

Sasa ukaja mwaka mvua zilipokuja kuchungulia tu kisha zikaondoka. Mwaka huohuo mume wa Nakunda alipanda genge kutafuta asali, akateleza, akarudishwa nyumbani kwa machela, mguu umevunjika. Na Nakunda alikuwa ametoka kujifungua. Mama hali, maziwa hayatoki, mtoto analia mpaka sauti inaisha, inabaki midomo tu inayotembea. Nakunda akamfunga mtoto mgongoni, akashuka bondeni kwa kaka yake.

Alimkuta Senkoro siku ya kupura mtama. Watu wamejaa uani, fimbo zinapiga, nyimbo zinaimbwa, na pombe ya miwa imewekwa penye kivuli. Ilikuwa tamu, ndivyo ninavyosikia. Usiniulize nilisikia wapi.

Nakunda hakutaka kumwaibisha mtu wala kujiaibisha. Akamvuta kaka yake pembeni, nyuma ya ghala, akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, niazime Mawele. Mtoto akiota meno na kula ugali, nitamrudisha."

Mawele alikuwa ng'ombe wa madoadoa kama nafaka iliyomwagwa, ng'ombe wa maziwa mengi, na Senkoro alimpenda kuliko wote zizini. Moyo wake ulisema: mwazime, ni mdogo wako, atamrudisha. Hapo hapana kosa. Kosa lilikuja kwa sababu ya wale watu uani. Senkoro aliwaona wanatazama. Kifua kikapanda. Badala ya kujibu kwa sauti ya chini kama alivyoulizwa, akatoka nyuma ya ghala, akasema ili kila mwenye sikio asikie:

"Niazime? Mimi na wewe tunaazimana? Chukua ng'ombe uende naye. Mimi na wewe hatudaiani!"

Watu wakashangilia. Mmoja akasema, "Huyo ndiye kaka." Mwingine akasema, "Na mimi laiti ningezaliwa dada yake." Senkoro akaenda zizini kifua mbele, akamtoa Mawele, akamkabidhi Nakunda ng'ombe pamoja na kamba yake shingoni.

Simamisheni mahindi kidogo. Kamba hiyo muishike.

Katika nchi ile, mtu akija kuazima mnyama alikuja na kamba yake mwenyewe mkononi. Mwenye ng'ombe alimvua mnyama kamba ya kwake, akaitundika juu ya mlango, na yule mwazimaji akamfunga ya kwake. Kamba iliyobaki mlangoni ilikuwa ikisema kila asubuhi, kuna ng'ombe wetu yuko nje. Lakini ng'ombe akitoka na kamba yake shingoni, huyo ametoka kabisa. Huyo ni zawadi. Hapakuwa na mtu asiyelijua hilo, hata mtoto anayetambaa. Senkoro alilijua. Ila mkono uliokuwa ukitazamwa na watu haukukumbuka.

Na Nakunda je, hakuiona kamba? Aliiona. Alipanda nayo mlima mzima, ikimkwaruza kiganja. Alijua alisema niazime, na alisikia kaka yake akisema chukua. Mtu mwenye dhiki akisikia maneno mawili hushika lile linalomfaa. Hakulishika kwa ubaya. Alilishika kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Mtoto akanywa. Mtoto akanenepa. Mtoto akaota meno, akala ugali, akaanza kukimbiza kuku. Mawele hakurudi.

Senkoro akapanda mlima kumwona dada yake. Akakuta Nakunda anafagia. Wakasalimiana, wakaketi. Senkoro akajikuna goti, akasema, "Mawele hajambo?"

"Hajambo, kaka. Anakusalimu."

Senkoro akacheka. Akameza, akashuka, akarudi nyumbani.

Mkewe, jina lake Nasemba, alikuwa mlangoni anamngoja. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambiaje?"

"Nimemuuliza hali ya ng'ombe."

Nasemba akamtazama. "Na ng'ombe amekujibu nini?"

Mawele akazaa ndama. Senkoro akapanda mlima. "Mawele hajambo? Nasikia amezaa."

"Amezaa jike, kaka, madoadoa kama mama yake. Njoo umwone."

Akaenda, akamwona, akamsifu, akampiga-piga mgongoni. Akameza, akashuka, akarudi nyumbani.

"Umemwambia?"

"Leo nimemgusia."

"Umemgusia nani, dada au ndama?"

Mnacheka. Na mimi nilicheka niliposimuliwa, nikiwa na umri kama wenu. Siku hizi sicheki sana. Nimeishi na watu wazima wengi, nikajua kwamba mtu anaweza kumwomba mgeni chochote, na ndugu yake akashindwa kumwambia neno moja dogo. Neno lenyewe ni lipi? "Nirudishie." Senkoro alilibeba akipanda, likawa jepesi. Akifika mlangoni kwa dada, likawa zito kuliko jiwe la kusagia. Hakutaka aonekane bahili. Alikwisha sifiwa mbele ya watu, na sifa ile ilikuwa imemkaba koo.

Kila anapopanda anasema, "Mawele hajambo?" Na kila anapoulizwa hivyo Nakunda moyo wake unafurahi, anasema, kaka yangu anapenda kuiulizia zawadi yake. Ila usiku akigeuka kitandani, hilo nalo niliseme, neno lile "niazime" lilikuwa likimchoma ubavu. Analigeuzia mgongo, analala.

Mwishowe kijana wa kwanza wa Senkoro akataka kuoa. Watu wa upande wa bibi harusi wakaja, wakanywa, wakafuta midomo, wakasema wanataka ng'ombe wa maziwa mwenye ndama. Zizini kwa Senkoro walibaki madume na mitamba. Nasemba akasema, "Sasa utaenda kuuliza hali tena?"

Senkoro akapanda mlima amekasirika. Alikuwa amekasirika tangu chini, na njia nzima akajiambia maneno makali. Nakunda akamwona kwa mbali, akaingia ndani, akamtolea kibuyu cha maziwa ya mgando, mazito, ya Mawele, akamwekea na kiazi kikuu cha kuchoma. Akakivunja. Kipande kikubwa akampa kaka yake.

Senkoro akala. Alikula huku machozi yako karibu, na hakusema. Akameza, akashuka, lakini siku hiyo hakurudi nyumbani. Alipinda njia akaenda barazani.

Mwenye baraza alikuwa Mzee Kibacha. Msidhani alikuwa mtu wa kutisha. Senkoro alimkuta ameketi juu ya jiwe bapa, amenyanyua mguu, anajikata kucha za vidole kwa kisu, na ulimi umetoka nje kwa uangalifu.

"Shikamoo, mzee. Nina kesi. Nimemwazima mtu ng'ombe, harudishi."

"Mtu gani?"

"Nakunda."

Kisu kikasimama. "Nakunda dada yako?"

"Ndiye."

"Hiyo si kesi. Hiyo ni familia. Kaa chini." Senkoro akakaa. "Njia ziko, mwanangu, na nyingi ni fupi kuliko ya kuja huku. Umemwambia nirudishie?"

"Nimemuuliza hali ya ng'ombe."

"Mimi nimekuuliza kingine." Senkoro akatazama chini. "Hujamwambia. Basi hiyo ndiyo njia ya kwanza, nayo haina gharama. Ikishindikana, mwite mjomba wenu. Atakula kwako, atakula kwake, ataketi katikati, na atawagombeza nyote wawili. Akishindwa mjomba, mwambie dada yako akupe dhamana. Akuwekee ndama zizini kwako mpaka mama yake arudi. Hayo yote mtu huyafanya akiwa bado kaka."

"Na nikitaka hukumu?"

"Hukumu ipo. Lakini baraza hili halisikilizi ndugu. Hapa huhukumiwa mtu na mtu. Atakayemshtaki ndugu yake lazima asimame upande ule wa jiwe, amtazame, aseme: huyu si ndugu yangu, ni mtu ninayemdai. Akisema hivyo, tunasikiliza. Na akisema hivyo, amesema. Sina dawa ya kulifuta."

Senkoro akafikiri. Nyinyi mngefanya nini? Njia ya kwanza ilikuwa neno moja. Njia ya barazani ilikuwa maneno mengi. Lakini lile moja alitakiwa aliseme mlangoni kwa dada, akimtazama machoni, na yale mengi angeyasema mbele ya wazee, kama mtu mwenye haki. Akaona ni maneno tu ya desturi, kama mtu anavyosafisha koo kabla ya kuimba. Atayasema, atapata ng'ombe, kisha atapanda mlima, watacheka.

"Naitaka hukumu," akasema.

Mzee Kibacha akarudisha kisu kwenye ala. Kucha zilizobaki hakuzikata.

Siku ya hukumu watu wakajaa. Nakunda alikuja akitabasamu. Aliambiwa tu aje barazani na ng'ombe, akadhani kaka yake ana jambo la harusi, anataka kusaidiwa. Alimleta Mawele, na ndama nyuma yake, na amewaogesha. Alimtazama kaka yake upande wa pili wa jiwe, akainua mkono kumpungia.

Senkoro akasema. Alisema upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Huyu si ndugu yangu. Ni mtu ninayemdai."

Mkono wa Nakunda ulikuwa bado juu. Ukabaki pale kwa muda, kisha ukashuka polepole, kama umesahau ulipandia nini.

Mzee Kibacha akamtazama Mawele. "Ng'ombe huyu ana kamba ya nani?"

Kila mtu aliijua kamba ile. Senkoro mwenyewe alikuwa ameisokota. Ndipo akaiona, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mtama.

"Kamba ni ya Senkoro," wakasema wazee. "Ng'ombe ametoka na kamba yake. Ni zawadi. Nasi tulikuwapo, tulisikia: chukua, hatudaiani."

"Kesi imekwisha, basi," akasema Mzee Kibacha, na uso wake ulipata nafuu. "Mdai hana haki. Nendeni nyumbani mkapikiane."

"Haijaisha," akasema Nakunda.

Sauti yake haikupanda. "Sijaulizwa mimi. Kamba inasema zawadi, na watu wanasema zawadi. Lakini nyuma ya ghala nilisema niazime, mtoto akiota meno nitamrudisha. Mtoto ameota meno siku nyingi. Ningekuwa ndugu yake ningesema alinipa, maana ndugu hupeana. Lakini nimeambiwa mimi ni mtu anayedaiwa. Mtu anayedaiwa hulipa."

"Nakunda," akasema Senkoro, "mdogo wangu, ngoja..."

"Hapa hakuna mdogo wako," akasema Mzee Kibacha, naye hakulifurahia alilolisema. "Neno umelitoa mwenyewe."

Nakunda akamleta Mawele mpaka kwenye jiwe. "Ng'ombe huyu." Akamleta ndama. "Na huyu, nilikuwa namlea kwa ajili ya harusi ya kijana. Nilitaka nimpeleke mimi mwenyewe, nimshtukize." Kisha akaiweka kamba juu ya jiwe, ncha kwa ncha, akaikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo ya mtoto. "Mashahidi mmeona?"

Wakasema wameona. Akapanda mlima.

Senkoro alipata ng'ombe, akapata na ndama. Alishinda, wajukuu zangu, kesi ambayo kamba yake mwenyewe ilikuwa imekwisha mshinda. Akameza, akashuka, akarudi nyumbani. Nasemba hakumuuliza kitu.

Siku ya harusi ikafika. Katika nchi ile bibi harusi haingii ndani hivihivi. Hupokelewa kizingitini na shangazi wa bwana harusi, dada wa baba, anayemnywesha maziwa kutoka mkononi mwake na kumwambia, umefika kwenu. Mama mkwe hawezi kulifanya hilo. Jirani hawezi. Bibi harusi akaja, nyimbo zikaja, akasimama kizingitini. Kizingitini hapana mtu. Nyimbo zikapungua, zikabaki vigelegele vya watoto, navyo vikakoma. Jua likapanda juu ya kichwa cha yule msichana. Watu wa kwao wakaanza kuulizana kwa macho.

Senkoro akakimbilia zizini. Akamtoa Mawele, aliyekuwa bado hajakabidhiwa kwa wakwe, akamfunga ile kamba shingoni, kamba yake yenyewe, kwa mkono wake, akapanda naye mlima. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota njiani. Akafika mlangoni kwa Nakunda akihema. Mbele ya mlango ule, pasipokuwa na watu wa kumshangilia, neno likamtoka kwa urahisi kabisa. Akasema, "Mdogo wangu, nilikosa. Msichana amesimama juani. Chukua ng'ombe, mchukue na kamba yake, na uje."

Basi. Hapo ndipo kisa changu kinapokaa chini kupumzika. Fundisho lake ni dogo, mtu anaweza kuliweka mfukoni: unachomwazima ndugu, sema ni azima siku unapokitoa. Ukikitaka, sema nakitaka, ukiwa bado ni kaka, ukiwa bado ni dada. Usimpeleke barazani kabla hujampeleka pembeni. Mimi nami jioni hii nitampelekea Mzee Chande kobazi yake, maana namjua, kesho atanijia na kuniuliza, "Miguu haijambo?" Mlango nimewafungulia, mlango naufunga, aliyesahau sikio lake ndani ataliokota kesho.

"Babu."

Nini tena, Mwanahawa? Mahindi yameisha?

"Hujasema Nakunda alijibu nini."

Sikusema?

"Umefunga mlango kabla hajajibu."

Nilitumaini hamtauliza. Alitoka. Alimtazama ng'ombe, akaitazama kamba, akamtazama Senkoro kama mtu anavyomtazama mpita njia aliyepotea. Wala hakukasirika, wala kamba hakuipokea. Akasema, "Mimi na wewe hatudaiani."